Kambare wa Ngamiani na Haki ya Anayefugwa

Ndugu msomaji, swali ninalotaka kulijadili hapa ni dogo kwa umbo, na huenda baadhi ya waliozoea kukuta tenzi na mashairi katika kurasa hizi wakaliona halistahiki wino. Swali lenyewe ni hili: mtu akimchukua samaki mwindaji angali mdogo, akamtia katika tangi la kioo sebuleni mwake, akamlisha akashiba, akambadilishia maji kila yanapochafuka, je, amemtendea wema au amemdhulumu? Nalileta swali hili si kwa kuwa nimelisoma vitabuni. Nalileta kwa kuwa nimeishi nalo nyumbani kwangu, mjini Tanga, mtaa wa Ngamiani, kwa muda wa miaka mitatu na nusu, na kwa muda wote huo lilikuwa likinitazama kwa macho mawili madogo kupitia kiooni.

Samaki mwenyewe alikuwa kambare. Aliletwa na mpwa wangu mwishoni mwa mwaka 2019, baada ya mvua nyingi za vuli. Mto Pangani, unaoanza kwa maji ya Kilimanjaro na Meru na kupita Korogwe na Hale kabla ya kuifikia bahari, ulikuwa umefurika, na maji yalipopungua yakaacha vidimbwi mashambani. Katika kidimbwi kimojawapo, karibu na Korogwe, mpwa wangu alikuta samaki wadogo wanatapatapa katika maji yasiyofika kifundoni. Akamtia mmoja katika kopo la rangi, akapanda naye basi hadi Tanga. Alikuwa hazidi urefu wa kidole cha shahada. Watoto wa nyumbani walimshangilia, na mimi, sitaficha, nilimshangilia pamoja nao. Kijana akatengenezewa tangi la kioo na fundi wa madirisha: urefu wa mita moja na robo, upana wa nusu mita. Mbele ya samaki mdogo kiasi kile, tangi lile lilikuwa kama bahari.

Anayemjua kambare sokoni tu hamjui. Hana magamba; ngozi yake ni laini, ya rangi ya tope, na kichwa chake ni kipana kama koleo. Mdomoni ana masharubu manane, na hayo ndiyo macho yake hasa, kwa maana huishi katika maji machafu yasiyopenya nuru, akaisoma dunia kwa kuipapasa na kuionja. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa hii tunayoivuta sisi. Ndiyo maana kidimbwi kikimkaukia anaweza kutoka na kujiburura juu ya nyasi zenye unyevu mpaka apate maji mengine. Huwinda usiku. Hula samaki wenzake, vyura, wadudu, na hata mizoga. Na hukua: kambare aliyekomaa mtoni hupita urefu wa mita moja. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ya kwanza nilijua jambo moja tu, kwamba alikuwa mdogo na anapendeza.

Mwaka 2021 mpwa wangu alipata kazi ya udereva Muscat. Usiku wa kuamkia safari yake alisimama mbele ya tangi, akaniambia, "Mjomba, huyu nakuachia. Ni amana." Ndugu msomaji, watu wa pwani tunajua uzito wa neno hilo. Mtu huweza kukataa mkopo, akakataa zawadi, lakini amana ikishawekwa mbele yako na msafiri, mkono huipokea kabla akili haijauliza. Nikaipokea. Tangu siku ile, kila alipopiga simu, baada ya "Shikamoo, mjomba" na "Marahaba, baba, hujambo?", swali lililofuata halikuwa juu ya afya yangu. Lilikuwa, "Kambare wangu hajambo?" Nami nilijibu, "Hajambo, anakula." Miezi mingi ilipita kabla sijagundua kwamba nilikuwa nikijibu swali jingine, si lile nililoulizwa.

Na kweli alikula. Nilimpa dagaa wabichi, matumbo ya kuku, minyoo ya bustanini. Maji ya bomba niliyaacha kwenye ndoo usiku kucha ili dawa yake ipungue makali, ndipo nikamtilia. Hakuwa na adui. Mtoni angeweza kumezwa na mamba au mwari, au kunaswa kwenye wavu na kuishia kwenye kikaango. Hii ndiyo hoja ya kwanza ya mfugaji yeyote, nami niliitumia kwa raha: nimempa usalama, nimempa chakula, anataka nini tena? Hoja hii ina nguvu, na asiyeikubali hata kidogo hajawahi kuona njaa. Lakini ina ufa. Mtu akikwambia kwamba mfungwa gerezani ana uhakika wa mlo wa jioni kuliko mvuvi wa Deep Sea, hutasema ni uongo; utasema tu kwamba mlo sio kitu walichotofautiana.

Mimi si sheikh, na sijidai kutoa fatwa. Lakini nimepita maisha yangu nikifasiri maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine, na kazi hiyo imenifundisha kusimama mbele ya neno dogo mpaka linieleze lililo nalo. Kuna hadithi mashuhuri inayosimuliwa misikitini kwetu, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Kwa mwaka mzima nilijificha nyuma ya neno lile "wala". Nilijiambia: makosa yale ni mawili yaliyofungwa pamoja, na mtu akitimiza moja limemtosha. Mimi namlisha, basi simo. Na wanazuoni wengi wamelielewa hivyo, kwamba kumfunga mnyama kunajuzu ikiwa anapewa mahitaji yake. Hutajwa pia kisa cha mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na kindege kilipokufa Mtume akamliwaza. Na katika upole ule, wanazuoni wakaona ruhusa ya kufuga ndege. Basi kwa upande wa sheria nilikuwa salama.

Hata hivyo sikulala salama. Maana kuna mlango wa lililoruhusiwa na kuna mlango wa ihsani, na si kila anayepita wa kwanza amefika wa pili. Nikalirudia lile "wala" na safari hii likanionyesha uso mwingine. Kumlisha na kumwachilia ajitafutie hakukutajwa kama vitu viwili vyenye thamani moja vya kuchaguliwa sokoni. Kulisha kumetajwa kwa kuwa ndiko kunakobaki pale mwenye nguvu alipokwisha kuziba njia ya mwingine. Ni deni. Anayelipa deni hadhulumu, lakini pia hana cha kujisifia. Na alipaye kila siku anakumbushwa kila siku kwamba kuna kitu alikichukua.

Hapo hukuta mtu akiniuliza: wewe umejuaje kwamba kambare alikosa kitu? Swali hili ni la kale. Wachina wana kisa cha mwanahekima Zhuangzi aliyekuwa akitembea na rafiki yake Huizi juu ya daraja la mto Hao. Zhuangzi akawaona samaki wakiogelea kwa starehe, akasema samaki wale wana furaha. Rafiki yake akamkatiza: wewe si samaki, umejuaje? Naye akarudishiwa: na wewe si mimi, umejuaje kwamba sijui? Nimekisoma kisa hiki mara nyingi kwa tafsiri za Kiingereza, na kila mara nilidhani ushindi uko katika ile busara ya maneno. Siku hizi naona jambo jingine. Watu wale walikuwa juu ya daraja, na samaki walikuwa mtoni. Zhuangzi hakuwa na haja ya kuipata furaha ile kwa ajili yake mwenyewe, aliipita tu. Lau samaki wale wangekuwa kwenye mtungi wake, nafikiri angelazimika kujibu vizuri zaidi.

Sayansi nayo imelisogelea swali hili. Mwaka 2003 watafiti wa Uskochi, akiwamo Lynne Sneddon, walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti waliotiwa kitu cha kuwasha midomoni. Samaki wale walichelewa kurudi kula, na wengine wakajisugua midomo kwenye changarawe. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba hilo si maumivu kama yetu, na ubishi haujesha. Mimi nilikuwa na ushahidi mdogo wa nyumbani. Usiku, taa zikizimwa, kambare alianza safari yake. Aliogelea kufuata ukuta wa kioo, akafika pembeni, akageuka, akafuata ukuta mwingine, mpaka alfajiri. Masharubu yale manane yaliyoumbwa kuisoma tope yalikuwa yakisoma kioo, na kioo hakina herufi. Baada ya mwaka wa pili masharubu mawili yalikuwa yamelika mpaka karibu na mdomo, na puani palikuwa na kidonda kisichopona. Sijui kama alihuzunika. Najua alikuwa akitafuta, na najua aliyehakikisha hatapata ni mimi.

Kuna jambo la aibu zaidi, nami nimeahidi kusema kweli. Watoto wa jirani walikuja jioni kumtazama akila, na siku moja mmoja wao alileta perege wadogo watatu, wazima, ndani ya mfuko wa nailoni. Wakatiwa tangini. Kwa dakika chache hakuna kilichotokea. Kisha tukasikia mshindo wa maji, na perege walikuwa wawili. Watoto wakapiga makofi. Kesho yake walileta wengine, na kesho kutwa vilevile, na mimi nilijikuta nimeisogeza taa ili tuone vizuri. Mtoni pia perege huliwa na kambare, hilo ni kweli, na hakuna dhuluma ndani yake: mwindaji hula kama alivyoumbwa, na anayewindwa ana matete, ana mashimo, ana bahati yake. Tangini hakukuwa na matete. Haikuwa riziki ya kambare tena. Ilikuwa tamasha letu, na wale perege walikuwa tiketi.

Seneca, mwandishi wa Kirumi, amesimulia habari za tajiri mmoja, Vedius Pollio, aliyefuga mikunga wakali katika bwawa la nyumba yake. Siku moja alimwalika Kaisari Augusto chakulani, na mtumwa mmoja kijana akavunja kikombe cha kioo. Tajiri akaamuru atupwe kwa mikunga. Kijana akaanguka miguuni pa Kaisari, hakuomba kusamehewa, aliomba afe kwa namna nyingine yoyote. Kaisari akamwachia huru, akaamuru vikombe vyote vivunjwe mbele ya mwenye nyumba, na bwawa lifukiwe. Nilikisoma kisa hiki zamani kama kisa cha ukatili wa mtu mmoja. Nilipoisogeza ile taa nilikisoma upya. Mikunga hawakuwa na kosa. Kilichofukiwa ni pale mahali ambapo mtu alijizoeza kutazama kinywa cha mwenzake kikimfanyia kazi. Nikawaambia watoto wasilete tena perege wazima. Waliniuliza sababu, nami nikashindwa kuwajibu kwa sentensi moja.

Basi tukafika masika ya mwaka 2022. Usiku wa mvua ya kwanza kubwa, mabati yakivuma kama ngoma, kambare aliruka. Alikisukuma kifuniko cha mbao, akatoka tangini, akaanguka sakafuni. Mke wangu aliamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, akamkuta kizingitini mwa mlango wa uani, amekaukiwa, ameshikwa vumbi ngozi nzima, yungali hai. Aliniita. Nilimkuta amesimama, mkono kinywani, akasema kwa sauti ya chini, "Tazama alikokuwa akielekea." Mlango ule ndio uliokuwa ukiingiza maji ya mvua chini yake.

Baadaye nilipata kueleweshwa. Kambare hungoja mvua. Mto unapofurika na kuyafunika majani ya kandoni, hutoka kwenye maji ya kina na kwenda kuzaa katika maji yale mapya. Huyu wetu, aliyechukuliwa kidoleni, ambaye hakuwahi kuuona mto tangu akumbuke, kama samaki hukumbuka, aliisikia mvua juu ya bati la Ngamiani akajua kwamba saa imefika. Hakuna aliyemfundisha. Miaka miwili na nusu ya matumbo ya kuku haikumsahaulisha.

Nilimwosha, nikamrudisha majini, akapona. Kisha nilikwenda uani nikachukua tofali, nikaliweka juu ya kifuniko.

Nimefikiri sana juu ya tofali lile. Kabla yake ningeweza kusema kwamba samaki yumo tangini kwa kuwa ndimo alimo, hajui kwingine, hataki kwingine. Baada ya usiku ule alikuwa amesema kwa lugha pekee aliyonayo, na jibu langu lilikuwa tofali. Nililiweka kwa huruma, ili asianguke akafa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mkono uliomhifadhi na mkono uliomzuia ulikuwa mmoja, na uzito ulikuwa uleule.

Ikiwa msomaji ataniona nimekuza jambo la samaki mmoja, na nimkumbushe kwamba sisi watu wa Tanga tuna samaki mwingine anayetufundisha habari za hamu ya kuona. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa mwambao wetu, hasa pande za Kigombe, walianza kuwapata silikanti katika jarife walizozama nazo kina kirefu wakitafuta papa. Silikanti naye ni mwindaji wa usiku, mkubwa, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa kwetu. Lakini kabla ya hapo, mwezi wa Novemba mwaka 1954, ndugu zetu wa Mutsamudu, kisiwani Anjouan, walimpata mmoja akiwa hai, wakamweka ndani ya mashua iliyozamishwa ufukoni ili wataalamu wamtazame. Mji ulisherehekea usiku kucha. Kulipokucha, nuru ikamwelemea. Alitafuta pembe yenye giza, na siku ile ile akafa. Waliokuwapo hawakumchukia. Walimpenda, walitaka kumwona. Nuru iliyowawezesha kumwona ndiyo aliyokuwa akiikimbia.

Basi afanywe nini huyu wa kwetu? Maana alikuwa sasa amefika urefu wa zaidi ya nusu mita, na kila alipogeuka katika tangi lile la nusu mita kwa upana, mwili wake ulipinda kama upinde. Wa kwanza kunishauri alikuwa jirani: mtupe mto Zigi, ni karibu, nenda naye Amboni uje zako. Ushauri huu una sura ya rehema. Lakini samaki aliyekaa nasi miaka mitatu, mwenye kidonda na maradhi nisiyoyajua, nimtie katika mto asiotoka, ambao maji yake hutuama Mabayani na kuja kunywewa na mji mzima? Na historia ya nchi hii ina onyo. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na watu waliokusudia kuongeza kitoweo. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na furu, samaki wadogo wa aina mamia ambao hawapatikani kwingineko, wakaanza kutoweka. Wataalamu hukadiria aina zilizopotea kuwa karibu 200. Wapo waliopata utajiri kwa sangara na wapo waliopoteza mboga yao ya kila siku. Kumwachilia mwindaji si kuondoka kwenye hesabu. Ni kuihamishia hesabu kwa wasioulizwa.

Wa pili alishauri tumle. Huu haukuwa ushauri wa kikatili, na nauheshimu. Kambare huliwa, kuna adabu katika kumuua upesi na kumla kwa shukrani kuliko kumtesa kwa mapenzi. Lakini mkono wangu haukuweza. Na hapo niligundua kwamba kusita kwangu hakukuwa na sifa yoyote, kwani wiki ileile nilinunua kambare sokoni, wa mkono wa mtu mwingine, nikamla kwa ugali. Wa tatu alikuwa nafsi yangu, iliyoshauri kununua tangi kubwa zaidi. Na baada ya hilo, kubwa zaidi tena.

Nilipozipanga njia zote tatu nikaona zina kasoro zinazofanana: zote zimechelewa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi huutumia msemo huo kwa watoto wa wenzetu, tukimaanisha kwamba anayefundishwa ndiye akunjwe mapema. Mimi nauona sasa ukimgeukia mkunjaji. Uamuzi niliouhitaji mwaka 2022 ulikuwa wa mwaka 2019, siku ya kopo la rangi, wakati kambare alipokuwa kama kidole. Siku ile tuliuliza atakaa wapi usiku huo. Hatukuuliza atakaa wapi akiwa ni yeye kamili. Anayemchukua kiumbe mdogo hamchukui kwa udogo wake. Anamchukua pamoja na ukubwa wake wote ambao haujafika. Akikubali wa leo peke yake, amechukua nusu na kuiita nzima.

Na hili, ndugu msomaji, silisemi kwa samaki tu. Katika nyumba niliyokulia aliletwa msichana kutoka milima ya Usambara, wa miaka kumi hivi, tukilingana. Aliletwa kusaidia. Sisemi binadamu ni sawa na samaki, Mungu apishe mbali. Nasema sisi tuliochukua tulikuwa walewale. Alilishwa tulichokula, alivishwa, hakupigwa, na wageni walisifu jinsi alivyonawiri. Mimi niliyeishia darasa la saba, nikajifundisha mengine mwenyewe kwa kamusi za kuazima, hupenda kujihesabu katika walionyimwa. Yeye hakukalia dawati hata siku moja. Jioni nilipokuwa nikisoma kwa sauti, alisimama mlangoni na ufagio, na mara nyingine niliona midomo yake ikifuata. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyekuwa mbaya. Hakuna pia aliyewahi kuuliza, atakapofika miaka kumi na minane atakuwa nani. Alipofika, alirudishwa kwao na kanga mbili na nauli, nasi tukasema tumemtendea wema. Nimemkumbuka mara nyingi mbele ya tangi lile, na sikuweza kumwomba radhi, kwa kuwa sijui aliko.

Basi nikampigia simu mpwa wangu. Nilimweleza yote: masharubu, kidonda, mvua, tofali. Alinyamaza kwa muda, nami nilisikia nyuma yake sauti za wenzake wanaokaa naye chumba kimoja. Nilijua kwamba nilikuwa nikimwomba aachie kipande cha nyumbani alichokiacha ili kimngoje. Mwishowe akasema, "Mjomba, amana ni yangu, lakini roho ni yake. Fanya unaloona ni haki." Sijawahi kulifasiri neno lolote kwa ufasaha kiasi hicho.

Nilitafuta, nikampata mzee mmoja nje ya Muheza ambaye shimo lake la zamani la kuchimbia udongo wa matofali limekuwa bwawa. Halina mlango wala njia ya kwenda mtoni. Lina tope, magugu, vyura, na wakati wa masika maji yake hupanda hadi majanini. Nilimweleza habari za samaki, naye akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Siku akiingia nyavuni tutamla, mwalimu. Sikudanganyi." Nikamwambia nimekubali. Siyo uhuru, najua. Ni tangi kubwa zaidi, ikiwa msomaji atataka kunisuta, na nitanyamaza. Lakini ndani yake kuna giza, na kuna vitu vya kupapasa, na mimi simo.

Tulimpeleka asubuhi moja ya Aprili 2023, ndani ya pipa la plastiki, nyuma ya bajaji, mimi na mtoto wa jirani, yule aliyeleta perege. Tuliinamisha pipa ukingoni. Alikaa kidogo kwenye maji ya kifundoni, masharubu yaliyobaki yakigusa udongo, yakaugusa tena. Kisha akatikisa mkia mara moja na maji ya kahawia yakamfunika. Mtoto alingoja aibuke. Tulingoja karibu nusu saa. Akaniuliza, "Babu, sasa tutamwonaje?" Nikamwambia hatutamwona.

Tangi liko uani mpaka leo, mke wangu amepanda mchaichai ndani yake. Tofali nimelirudisha nilikolitoa. Mpwa wangu hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala, na hajaacha kuuliza. "Mjomba, kambare hajambo?"

Nami humjibu, "Sijui, baba. Maji yale ni ya tope."